Mashuka ya Jumapili

Jumatatu ile, saa saba mchana, nilimwona shangazi yangu kwenye taarifa ya habari akianika mashuka.

Nyuma yake nyumba ya wageni imesimama, nyeupe, na anga la buluu limetulia.

Shida ni kwamba saa hiyo nyumba ile ilikuwa inateketea. Na mimi nilikuwa najua kwa nini moto hauonekani.

Kaeni vizuri niwaeleze. Atakayenitukana mwishoni ana haki yake.

Mji wetu uko chini ya mlima na unaishi kwa wageni. Wanakuja kutembea msituni, kupiga picha, kulala nyumba za juu na kupunga hewa. Mimi nilikuwa ofisi ya utalii, kazi yangu kamera. Imefungwa kwenye nguzo kule ukingoni mwa msitu, inarusha picha ya mlima moja kwa moja mtandaoni, ili mgeni aliye mbali aone hali ya hewa kabla hajapanga safari.

Ndiyo maana mji mzima waliniita Jicho.

Kwenye picha ile unaona vitu vitatu. Nyumba kubwa ya wageni katikati, barabara ya juu inayoteremka upande wa kulia, na kushoto kamba za kuanikia nguo.

Kamba zile ni za shangazi. Alikuwa dobi pale kwa miaka kumi na tisa. Yeye na mumewe, mjomba wangu, ndio walionilea tangu nina miaka minne.

Kila asubuhi akitoka na nguo anageukia kamera na kuinua kikapu chake cha vibanio. Ananisalimia. Na mimi huku chini, mbele ya skrini, namwitikia peke yangu kama mwehu.

Moto ulianza Jumamosi, nyuma ya mlima. Redio ikasema ni mdogo. Jumapili upepo ulikuwa unavuma kuelekea kule, picha yetu ikabaki safi kabisa.

Jumatatu naingia kazini, nakuta moshi umeanza kuchungulia nyuma ya paa la nyumba ya wageni. Moshi mzito, rangi ya chai ya maziwa.

Bosi akaja, akaangalia skrini, akafunga mlango.

"Simu hazijanyamaza tangu asubuhi," akasema. "Wageni wa mwezi mzima wanataka kuahirisha. Kwa moshi kidogo tu."

"Si kidogo, bosi."

"Jicho, una rekodi ya jana?"

"Ninayo."

"Irushe hiyo, mpaka upepo ugeuke."

Nilijua si sawa. Lakini mkataba wangu ulikuwa wa miezi mitatu mitatu, na bosi ni mtu wa kukutazama tu, unashtukia umeshafanya.

Nikaiweka. Dakika arobaini za Jumapili, zikiisha zinaanza upya. Anga safi, barabara tupu, shangazi anaanika mashuka, anainua kikapu.

Saa nne wakapiga simu watu wa televisheni. Wanaomba kutumia picha za kamera yetu kwenye taarifa zao, maana mwandishi wao hajafika. Bosi meno yote nje. "Tumieni tu, ndugu zangu, mlima ni wetu sote."

Basi mtangazaji akakaa pale, tai imemkaa vizuri, akasema, "Kama mnavyojionea wenyewe, upande huu wa mlima hali ni shwari."

Saa tano shangazi akanipigia.

"Jicho, huku macho yanawasha. Nguo zote nimeanua, zimejaa majivu. Meneja anasema tutulie, ati televisheni imesema ni shwari. Wewe hapo unaonaje?"

Bosi alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Nilisikia anavyohema.

"Subirini kidogo, shangazi," nikasema. "Nitakupigia."

Sikumpigia. Nikawa najishughulisha na barua pepe. Nilipojaribu baadaye, mtandao wa kule ulikuwa umekatika.

Saa saba kasorobo bosi alikwenda msalani. Nikafungua picha halisi ya kamera kwenye kona ya skrini.

Ilikuwa nyekundu yote.

Sikuona nyumba wala kamba. Halafu ikawa nyeusi, na maandishi yakatokea kwamba kamera haipatikani. Aliporudi nikamwambia, kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua.

"Zimamoto nawapigia mwenyewe," akasema. "Wewe usiguse kitu. Watu watakanyagana."

Ndipo mjomba akaingia, funguo za gari mkononi. Alikuwa dereva wa watalii, mtu wa utani, haingii mahali bila kumchokoza mtu. Siku hiyo hakuchokoza.

"Shangazi yako hapatikani kwenye simu," akasema.

Televisheni ya ofisini ilikuwa imewashwa, taarifa ya saa saba ndiyo imeanza. Macho yake yakaenda pale, na mabega yake yakashuka. Akacheka.

"Mtazame. Wenzake wanakimbia moto, yeye anaanika. Kichwa kigumu huyu, na nilimwoa nikijua."

Akasogea karibu na kioo cha televisheni.

"Naenda kumchukua, atake asitake. Nipite hii ya juu, ndiyo fupi. Naona iko wazi, siyo?"

Aliniuliza mimi. Bosi ndiye aliyejibu.

"Si unaiona mwenyewe, mzee."

Nilichotakiwa kusema kilikuwa maneno manne tu: picha ni ya jana. Angepita barabara ya bondeni. Ni ndefu, lakini haikuwa na moto.

Nikajiambia muhimu amfuate. Nikajiambia ni dereva wa siku nyingi, akiona moshi atageuza. Ukishaamua kunyamaza, sababu hazikosekani.

"Mbona umepauka hivyo?" akaniuliza. "Usijali, Jicho. Namleta."

Akaondoka anapiga mluzi.

Saa tisa zogo likazuka uwanja wa shule, ambako watu wa nyumba za juu walikuwa wanapokelewa. Nikatoka mbio. Kwenye kijia cha bomba la maji, upande ambao hakuna aliyeutarajia, walikuwa wanashuka watu wamejifunika mashuka yaliyolowana. Wageni kumi na mmoja, meneja, na mbele yao shangazi, mweusi kwa masizi mpaka kwenye nyusi, kikapu cha vibanio mkononi. Alisahau kukiacha.

Nilimkumbatia nikalia kama mtoto mdogo.

Akanisukuma kidogo anitazame usoni.

"Mjomba wako yuko wapi?"

Gari lake lilipatikana kesho yake, kona ya tatu ya barabara ya juu. Yeye alikuwa ndani. Zaidi ya hapo sitaeleza.

Lakini hilo la uwanjani halikuishia pale. Mwandishi wa televisheni, aliyekuwa ndiyo kwanza amefika, alimwekea shangazi kipaza sauti mdomoni.

"Mama, ulijuaje kwamba mnatakiwa kutoka?"

"Niliona picha kwenye televisheni yenu," akajibu.

Wakaicheza hiyo wiki nzima. Taarifa zetu, wakasema, ziliokoa watu kumi na watatu. Bosi akaalikwa studio, amevaa suti, akaeleza umuhimu wa kamera.

Wiki mbili baada ya mazishi tulikuwa jikoni, mimi na shangazi. Alikuwa anachambua vibanio, vizima huku, vilivyoungua huku.

"Unajua siku ile niliona nini kwenye televisheni?" akaniuliza.

"Moto," nikasema. Hata kabla sijamaliza nilijua nimekosea.

"Nilijiona mimi. Nimekaa ukumbi wa chakula na wageni, majivu yanadondoka dirishani, na palepale kwenye kioo naanika mashuka. Mashuka nafua Jumapili. Jumatatu ni taulo. Nikasema, hii picha inadanganya, na anayeirusha namjua. Nikawaambia wageni, simameni, twende."

Akachukua kibanio kingine.

"Mjomba wako naye aliiona?"

"Aliiona."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

Akangoja. Mimi nikawa naangalia vibanio.

"Sawa," akasema.

Jioni akanipakulia chakula kama kawaida. Mpaka leo hajanitamkia neno baya, na naapa ningependa anizabe makofi.

Sasa ninyi mnaosoma, chukueni hili. Picha ikiwa imetulia na pua yako inanusa moshi, amini pua. Na ukiwa wewe ndiye unayejua, sema hapo hapo, hata kama mkubwa amesimama nyuma ya kiti chako. Mimi nilichelewa kwa maneno manne na nimemzika mtu aliyenifundisha kuendesha baiskeli.

Kamati ya uchunguzi imeniita Alhamisi. Bosi amenipigia mara nne tangu jana. "Mitambo ilitusumbua siku ile, siyo Jicho?" Nikakata simu.

Faili bado ninalo. Dakika arobaini, na tarehe ya Jumapili imo.

Shangazi anakuja. Amesema atakaa kiti cha mbele, anione.