Kinu cha Bibi Chini ya Sakafu ya Jirani

Juzi nilikwenda kijijini kwetu Susuni kumzika shangazi, na asubuhi nikaamka nikisikiliza. Kitu kilikosekana. Siku hizi udaga, ile mihogo mikavu, unapelekwa mashineni, hakuna anayetwanga. Nikakumbuka kinu cha bibi, na jirani yetu wa utotoni. Kuandika sijui sana, ila wewe utanielewa.

Jirani alikuwa amerudi kutoka kuchimba dhahabu Nyamongo. Alirudi na wazo moja: wachimbaji wanakuja chini kwa chini, watafika chini ya nyumba yake, na watamdidimiza yeye na mkewe. Kila asubuhi alilaza sikio kwenye sakafu ya udongo. Mkewe mwanzoni alimcheka. Bibi naye alimtania, "Mura, kijana wangu, huko chini kuna fuko tu, na leseni hana." Hata jirani mwenyewe alicheka. Niseme haki, alikuwa mpole, na mkewe alimpenda.

Lakini wakaanza kujifungia. Mke akaacha kwenda kisimani na wenzake, akaacha kanisa. Siku moja bibi alinituma niwapelekee maziwa ya mgando. Mke akanishika mkono.

"Mwanangu, wewe masikio yako bado mapya. Lala hapa utuambie. Mimi sijui kama nasikia kweli au nasikia kwa sababu yake."

Nikalala. Sakafu ilikuwa baridi, inanuka mavi ya ng'ombe yaliyosiribwa upya. Nikasikia: du, du, du. Kilikuwa kinu cha bibi, ng'ambo ya ua wa minyaa. Nilikijua kama nilivyojua kikohozi chake.

"Unasikia?" mume akauliza.

"Nasikia."

Sikudanganya. Ila sikumalizia. Walinitazama kama mtu mzima, na kwetu mimi sikuwa naulizwa kitu.

Tangu siku ile mke naye akawa analaza sikio. Msimu huo hawakulima. Walichimba sakafu yao kwa jembe, wakala mahindi ya mbegu. Mwishowe kaka za mke wakaja kumchukua, wakasema heri warudishe ng'ombe za mahari kuliko kumzika dada yao. Baada ya miezi michache kwao, tukasikia anauza ndizi sokoni, anacheka, hasikii kitu tena.

Ukubwani nesi mmoja aliniambia kwamba ugonjwa wa mume unaweza kumwingia mke wakijifungia pamoja, na wakitenganishwa mmoja hupona. Kwa hiyo labda si mimi. Labda.

Mume alibaki peke yake. Mara ya mwisho kumpelekea maziwa nilikuwa nimejiandaa kumwambia habari ya kinu. Akaniwahi: "Mke wangu huko aliko, anasikia?"

"Hasikii, baba."

Akafikiri. "Basi wanakuja upande wangu tu. Afadhali."

Nikaondoka na bakuli, habari ya kinu sijaitoa.

Juzi nilipita pale. Nyumba imeshuka, mahali pa sakafu pameota magugu. Kinu cha bibi kimepasuka, kuku wanatagia ndani. Nilisimama kidogo. Ningetaka kumwonyesha mtu sauti ile ilikuwa nini, na hakuna wa kuitwanga.