Siku Mama Alipotawadha Kyoto

Nikisikia maji yakimwagika juu ya jiwe, hata haya ya msikiti wetu hapa mtaani Mayfair, namwona mama yangu kainua mguu mbele ya Wajapani.

Nilikuwa na miaka minane. Baba aliuza spea za magari kule mtaa wa Malvern, na mwaka ule alizifuata mwenyewe Japani, akatuchukua. Siku ya mwisho mwenyeji wake akatutembeza kwenye hekalu la kale la Kishinto mjini Kyoto. Lango jekundu, harufu ya miti iliyolowa, kokoto zikilia chini ya viatu. Mimi raha tupu. Mama alikuwa akitazama saa. Alasiri ilikuwa inamponyoka, na mama, jamani, hakuwa mtu wa kukosa swala kwa ajili ya matembezi.

Mara akaona birika la mawe na kata za mianzi, kama la msikiti wa kwao Tanga. Watu wananawa mikono, wanasukutua. Uso ukamchangamka.

"Alhamdulillahi," akasema, "wametuwekea na pa kutawadha."

Akanawa mikono, akasukutua, akaosha uso na mikono hadi viwiko, akapaka maji kichwani. Watu wakaanza kutazamana. Kisha akaweka mguu kwenye ukingo wa jiwe, akajimwagia, na maji yote yakarudi birikani. Mwenyeji wetu akakosa pa kutazama. Baba akajifanya anapiga picha.

Mzee mtunza hekalu akaja na ndoo na kigoda. Nikajua tunafukuzwa. Akaviweka mbele ya mama, akainama, akampa na taulo. Mama akamalizia mguu wa pili kwa raha zake. Mwenyeji alipomweleza haja yetu, mzee akatupeleka nyuma ya ghala, akatandika mkeka. Mama akaiwahi Alasiri yake.

Tulipokuwa tunatoka nikageuka, nikamwona yule mzee ameyamwaga maji yote ya birika, anasugua jiwe kwa brashi. Nikamwambia mama hawa watu wanapenda usafi. Akasema ndiyo maana Mungu amewabariki.

Juzi hapa msikitini, upande wetu wa wanawake, mgeni mmoja alikanyaga zulia na viatu vya matope, anatabasamu. Eish, nilichemka! Ndipo nikamwelewa yule mzee: alisubiri mama ampe kisogo kwanza. Nikamsalimu yule dada, nikamwonyesha pa kuweka viatu. Alipoondoka nikachukua brashi.

Mama sijamwambia mpaka leo. Amezeeka, na kila baada ya Alasiri bado anamwombea mzee wake wa Kyoto. Mimi naitikia amina, tena kwa sauti.