Mawaridi ya Ardis na Majira ya Baridi ya Delmar

Kwa miaka thelathini na moja Ardis Tollefson aliyalaza mawaridi yake ardhini kwa mikono yake mwenyewe, ili baridi isiyaue. Kila Oktoba, kabla ardhi ya Minnesota haijawa ngumu kama saruji, aliyafunga matawi kwa kamba, akachimba mtaro upande mmoja wa kila shina, akailegeza mizizi upande wa pili, kisha akaliinamisha shina zima polepole mpaka likalala mtaroni. Hapo akalifukia. Majani makavu yalimwagwa juu baadaye, ardhi ikishaganda. Mashina yalikuwa kumi na manne, na mwaka ulio mbaya kuliko yote alipoteza mawili tu.

Vuli ile alikuwa ametoka kubadilishwa nyonga, na daktari alimkataza kuinama. Kazi ikamwangukia mumewe, Delmar, fundi mstaafu wa matrekta, ambaye miaka yote hiyo alikuwa akiyapita maua yale kama anavyopita nguzo ya umeme.

Ardis akakaa kwenye kiti cha kukunja, blanketi magotini, akawa anaelekeza. Kuchimba Delmar alichimba vizuri, hilo hakumnyima. Shida ilikuwa kuinamisha. Shina la kwanza alilisukuma kwa buti kama mtu anayewasha pikipiki, likalia ka!

"Nimekwambia polepole, mzee."

"Nimelisukuma polepole."

"Limevunjika, Delmar."

"Basi limevunjika polepole."

Kufikia jioni yote yalikuwa chini, matatu yakiwa na majeraha, na wao wawili hawasemezani. Kesho yake Ardis akamkuta mumewe ameshamwaga majani, wiki tatu kabla ya wakati. Akamweleza, kwa mara ya nne, kwamba ardhi isipoganda kwanza, panya wa shambani watahamia humo. Delmar akasema panya hawana kalenda. Kuyaondoa akakataa, mgongo ulikuwa unamuuma.

Theluji ilipofunika kila kitu, Ardis alipoa kidogo, maana hakukuwa na la kufanya. Kila asubuhi alikaa dirishani na kahawa yake akitazama ndege wekundu wakishuka kwenye tuta la mawaridi, kumi, kumi na tano, wakidonoadonoa. Alimsimulia dada yake kwenye simu kwamba hajapata kuwaona wengi namna ile.

Aprili akatoka na mkongojo kufukua. Chini ya majani alikuta maganda ya mbegu za alizeti, ya kujaza ndoo, na viota vya panya, vya nyasi laini, kimoja baada ya kingine. Mashina yalikuwa yametafunwa magome pande zote, yamebaki meupe kama mifupa. Akamwita Delmar. Alikuja, akaokota ganda moja.

"Uliwapenda wale ndege, mama," alisema. "Ulikuwa huwezi kutoka, umekaa tu hapo dirishani. Nikawa nawamwagia mbegu kabla hujaamka."

"Juu ya mawaridi?"

"Ndipo unapoona vizuri ukiwa umekaa."

Maneno ya kumgombeza Ardis alikuwa nayo tayari tangu Oktoba, yamepangika, na sasa hakujua aanzie lipi. Hilo likamuudhi kuliko panya wenyewe. Mtu akiwa mzembe unamsema, mambo yanaisha. Huyu alikuwa ameamka gizani majira yote ya baridi, akakanyaga theluji ya magotini, ili amharibie bustani kwa upendo.

"Lete chepe," alisema mwishowe. "Uyang'oe yaliyokufa. Na usiseme kitu."

Delmar akalileta. Aling'oa tisa.

Yale matano yalichanua Juni, machache machache. Ardis aliagiza mengine manne, si tisa, kwa sababu nyonga ilikuwa bado inamkumbusha. Oktoba iliyofuata aliinama mwenyewe. Delmar aliruhusiwa kuchimba mitaro. Shina hakuruhusiwa kuligusa hata kwa kidole. Alipomaliza mtaro wa tisa, alisimama akiegemea chepe, akauliza kama kuna jambo jingine lolote anaweza kumsaidia.

"Hakuna," akasema Ardis, tope likiwa limempanda mpaka viwikoni. "Tafadhali, mzee wangu. Hakuna."