Bwana Mzigo

Mkahawa wetu wa Dubai Marina ulipewa jina la mtu aliyekufa zamani, nami nilimchukia kana kwamba aliazima shati langu akalirudisha limechanika.

Alikuwa Mmarekani wa karne ya kumi na tisa, mwandishi na msafiri. Madam, meneja wetu, alitukaririsha maisha yake ili tuwasimulie wageni: mtoto wa fundi viatu, akapanda meli hadi Unguja, akaingia bara, akarudi kwao kuandika vitabu vinene, akafa tajiri. Vitabu vyenyewe viliwekwa rafuni kama mapambo. Nilivisoma wakati wa mapumziko. Aliandika majina ya mito, ya ndege, hata la punda wake. Watu waliombeba kwenye machela alipougua homa aliwaita "wapagazi" tu, mwanzo hadi mwisho. Punda ana jina! Nilikifunga kitabu kwa kishindo.

Kitu kimoja tu cha wapagazi kilimponyoka. Aliandika kwa majivuno kwamba walimwita Bwana Mzigo, yaani mwenye mali. Mpishi wetu, mzee wa Kiunguja, alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Mwenye mali wapi, mwanangu! Mzigo ni yeye mwenyewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu kaja, mwenyeji kapinda mgongo."

Na jina hilohilo ndilo lililowaka kwa taa juu ya mlango wetu.

Kisha Madam akaleta beji mpya. Sisi wahudumu Waafrika tungevaa kanzu, tubebe chakula ndani ya kasha begani, na kifuani, palipokuwa na majina yetu, paandikwe MPAGAZI. Sote.

"Madam, mimi nina jina," nilimwambia.

"Ni mchezo tu. Wageni watapenda."

Nikamweleza maana halisi ya Bwana Mzigo, nikitaraji ataona haya. Akapiga makofi kwa furaha! Wiki iliyofuata maelezo yangu yalikuwa kwenye menyu, chini ya sharubati ya ukwaju. Hata tusi la wale watu limepata bei. Sijawahi kukasirika vile, na hasira hiyo haijaniisha.

Nikaivua beji yao, nikaivaa yangu. Viza yangu ilikuwa mikononi mwao, na nilijua naweza kurudishwa kwetu kabla jua halijatua. Bahati nzuri walipungukiwa na mtu wa kuosha masufuria.

"Khalas," akasema Madam. "Nenda jikoni. Huko hakuna atakayekusoma kifua."

Kweli, jikoni hakuna aliyevaa beji. Lakini kila alipotaka sufuria, mzee wa Kiunguja aliniita kwa jina langu na la baba yangu, kwa sauti ya mwadhini. Madam akaja kumwambia apunguze. Mzee akamwonyesha sikio, kwamba hasikii vizuri, kisha akaniita tena, mpaka wageni wakaacha kutafuna.