Fagio la Hera

Kila Jumamosi mchana, akishakunja vitenge vyake sokoni, Feza hutafsiri katuni katika nyumba ya video hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi nchini Malawi. Hushika maikrofoni, na kila kiumbe kwenye skrini huongea Kiswahili cha Kindu, kwetu Kongo, hata farasi. Watu hupanda kabaza, baiskeli za kukodi, kutoka mji wa Lumbadzi kuja kumsikiliza. Mimi Lucie, jirani yake, hukaa mbele kwa sababu sioni mbali vizuri. Kusikia nasikia.

Niseme mapema: mimi ndiye niliyemwambia Amanda kwamba Feza hakumzaa. Nilidhani anajua. Ana miaka kumi na mmoja, jamani! Mama yake mzazi alifariki njiani, kabla ya mpaka, na baba yake, Djuma, akampelekea mkewe wa ndoa, Feza, mtoto huyo wa nje. Kambi nzima inajua.

Tangu siku hiyo, wiki nzima, Amanda hakumwita Feza maman. Hakumwita chochote.

Jumamosi ikawa katuni ya miungu ya Wagiriki. Zeus na mkewe Hera wanambembeleza mtoto wao mwenye nguvu, wote wanacheka. Amanda akasimama na kitabu cha maktaba mkononi.

“Filamu inadanganya. Kitabu inasema Hera si mama yake. Zeus alimuzaa na mwanamuke mwingine. Na Hera alimuchukia, akatuma nyoka mbili mu kitanda yake.”

Feza akasimamisha filamu. Alimtazama mtoto, kisha akanitazama mimi.

“Kitabu iliandikwa na bajirani,” akasema.

Watu wakacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

“Na nyoka?” Amanda akauliza.

“Nyoka zilikuwako. Nyumba ya udongo, matundu kila fasi. Hera alisikia mtoto analia, akaingia na fagio, akazipiga. Jirani akachungulia ku dirisha, akaona nini? Hera na nyoka. Akakimbia kusema.”

“Na ule mama mwingine?”

“Alikufa. Sasa bakamuletea Hera mtoto. Alikasirika, siwezi kukuficha. Alimukasirikia Zeus siku mingi. Lakini mtoto alikuwa na njaa. Akasema, leta.” Akaonyesha skrini kwa kidole. “Filamu inafuata vile Hera mwenyewe alisema siku ya kuandikisha famille, bantu ba nyumba yake. Alisema, huyu ni wangu. Hakuna mutu alimulazimisha.”

Amanda akakaa. Filamu ikaendelea. Mimi niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Jumatatu Apollinaire wa maktaba alipita nyumba hadi nyumba amefura kwa hasira. Kuna mtu amechafua kitabu. Akanifungulia ukurasa wa nyoka. Pembeni, kwa penseli, nikaona mwandiko wa Amanda: “Maman alikuwa na fagio.”

“Lucie, we unajua mambo ya batu bote hapa. Nani aliandika hii?”

Nikamwambia mwandiko huo siujui.