Ombati nusura afutwe kazi kwa sababu ya baridi

Leo nimemwonea huruma Ombati, jamani!

Ni fundi mwenzangu kwenye kiwanda kipya cha chai huku Nyamira.
Jana alitengeneza swichi kubwa ya umeme.
Asubuhi tukaipima. Inachelewa kukata umeme!

"Umeiharibu. Nenda nyumbani," bosi akafoka.

Ombati akaondoka.

Nikamwuliza bosi, "Mzee, kipimo tumekirekebisha kulingana na baridi na betri? Mafuta ya ndani ya swichi yamekuwa mazito kwa baridi, na betri inayoiendesha iko chini, ndiyo maana inachelewa."

Bosi akachukua vifaa vya kupimia. Akapima joto la mafuta na volti za betri, akapiga hesabu upya.
Swichi ilikuwa nzima kabisa.

Bosi mwenyewe akatoka mbio, akamkuta Ombati barabarani.
"Nisamehe, ndugu yangu. Rudi."

Ombati akafuta macho. "Nilikuwa nawaza nitamwambia nini mke wangu."

Amerudi kazini. Nyinyi mngerudi?