Uso Chini ya Manyoya

Virgil Sandquist alikuwa amekwisha kufa mara mbili pale Hollywood, na hakuna aliyemwona uso. Picha ya kwanza, akiigiza zimwi la manyoya, alizama kinamasini. Ya pili aliungua ndani ya jengo la kinu cha unga. Lakini watu walijaa sinema, na zimwi linalojaza watu haliachwi kuoza; studio ikalifufua.

Mama yake, mjane aliyeishi mjini Fresno, alikuwa ameziona zote mbili.

"Nimeona nywele tu, mwanangu," alimwambia kwenye simu. "Wewe ulikuwa wapi?"

Maneno hayo yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Picha ya tatu ilipoanza, alimwendea Bwana Haverkamp, mwongozaji. Safari hii mtu aliyegeuka zimwi hajulikani mpaka afe, manyoya yamtoke, uso ubaki. Virgil akauomba uso huo uwe wake.

"Wako, ndugu yangu. Nani mwingine?"

Basi akawaambia nyumbani.

Siku yenyewe alilazwa tangu asubuhi, kichwa juu ya mto, marufuku kujitikisa. Ottilie, mbandika manyoya, alibandua kidogo, kamera ikapiga, akabandua tena.

"Ukipiga chafya nakunyoa kwa wembe butu," alimnong'oneza.

"Pua inaniwasha, dada."

"Iache iwashe. Leo unazaliwa."

Yalipobaki ya kwenye nyusi tu, akaingizwa kijana mrembo, amevaa shati lililochanika kama la Virgil.

"Inuka polepole, usivuruge mto," alisema Haverkamp bila kumtazama. "Wakubwa wanamtaka huyu kwa picha ya nne. Lazima watu wamzoee sasa."

Virgil akainuka. Kijana akajilaza kwenye shimo lililoachwa na kichwa cha Virgil, lakini hakukaa sawa. Kwenye kioo cha kamera uso uliruka, haukuangukia pale ulipokuwa wa zimwi. Wakajaribu, wakashindwa. Mwisho Virgil mwenyewe akapiga magoti, akamshika kidevu.

"Juu kidogo. Hapo. Usimeze mate."

Ottilie akageukia ukutani.

Virgil hakumpigia mamaye simu. Kila akinyanyua mkono wa simu, anaurudisha. Picha ikafika Fresno, na bibi yule akavaa kofia ya kanisani, akaketi mbele na majirani zake, ambao hawakuwahi kumwona Virgil. Zimwi likafa. Uso ukatokea.

"Kumbe mwanao mzuri hivi!" wakamwambia taa zilipowaka.

Bibi akatazama pazia jeupe.

"Ahsanteni," akasema.